Timu ya chuo kisiwani: kabla hujanunua jezi, soma hapa

Mechi yetu ya kwanza kwenye mashindano ya vyuo tuliicheza tukiwa 8. Hakuna aliyepewa kadi nyekundu, wenzetu walikuwa bado wako Rugezi, kisiwani kwetu Ukerewe, wanasubiri kivuko. Jezi zilifuliwa usiku, asubuhi bado zinachuruzika maji, na mimi kwa akili zangu zile za 2017 nikasema basi watu 8 tutangulie nao, waliobaki wasubiri zikauke kauke waje na safari inayofuata, kama vile kivuko ni bodaboda unaipungia mkono inasimama. Tukavuka mpaka Kisorya, tukafika uwanjani ng'ambo kule, muda ukafika, wenzetu hawaonekani. Sheria inaruhusu mechi ianze mkiwa 7 kwa hiyo refa akatuhesabu mara mbili, akatuangalia usoni, akapuliza. Vijana wangu walivaa vizibao vya mazoezi vya wenyeji. Tulikula sita. Jezi ziliingia uwanjani dakika ya 70 na kitu, zimekauka vizuri kabisa.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi juzi kijana mmoja, mwalimu mpya kapangiwa chuo huko mwambao wa ziwa, kanipigia simu anataka kuanzisha timu, na swali lake la kwanza likawa "kaka, seti ya jezi inaenda shilingi ngapi siku hizi?" Nilicheka mpaka akaudhika. Mdogo wangu usiudhike, mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Nilifika Ukerewe nikachangisha walimu wenzangu, nikanunua seti ya 160,000 pale Mwanza mjini na mipira miwili, nikapiga picha na timu, nikajiona kocha. Miezi sita baadaye kwenye ile picha nilikuwa nimebaki mimi na kipa.

Maana shida ya chuo kidogo cha mbali sio vipaji, vipaji vipo vya kumwaga, shida ni kwamba kila mtu anaondoka. Chuo chetu kilikuwa cha ufundi, wanafunzi kama 140, ukitoa wadada na ukitoa wale ambao mpira kwao ni kuangalia Simba na Yanga kibanda umiza basi, unabaki na watu 25 hivi wanaoweza kukimbia dakika 90. Katika hao 25, kila baada ya miezi kadhaa kundi linaenda mafunzo kwa vitendo, huyu gereji Mwanza, yule Bunda, mwingine Musoma kwa mjomba wake, na kozi ikiisha hawarudi. Kocha wa mjini akikosa beki anaenda mtaa wa pili. Na kijana wa Mwanza mjini anakua anauona uwanja wa Kirumba, anauona wa Nyamagana na nyasi zake bandia, timu yao ya Pamba iliporudi Ligi Kuu 2024 baada ya miaka zaidi ya 20 watu walienda kuiangalia kwa miguu. Huku kisiwani straika wako mzuri akipata nauli tu, ushampoteza, na huwezi kumlaumu. Ndani ya miaka miwili nilijenga timu mara tatu na zote nilianzia sifuri.

Mara ya tatu ndio akili ikanikaa sawa, kwamba najenga juu ya watu wenye tiketi mkononi. Nikaanza kujiuliza hapa ni kitu gani hakitapanda meli? Uwanja haupandi meli. Wavuvi wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wapo tu. Babu mlinzi yupo, mama wa jikoni yupo. Basi nikaanza na hao.

Uwanja kwanza. Sheria inataka urefu usipungue mita 90 na upana usipungue 45, sisi tulipima kwa kamba tukapata 93 kwa 52, ukizidisha hapo umeingia kwenye mihogo ya jirani. Kulikuwa na jiwe moja limekaa karibu na kibendera cha kona, kila mtu analijua, kila mtu ana kovu lake. Tukafanya kama wapasua kokoto wanavyofanya, tukaliwashia moto siku nzima likapasuka, vipande tukavijazia kwenye shimo la upande wa pili. Ukoka tulipanda mvua za vuli zilipoanza, tunachomoa pembezoni mwa njia tunachomeka kwa mistari, kila mwanafunzi kiroba kimoja. Ng'ombe ndio walitusumbua kuliko kitu chochote. Nilienda kwa wenye ng'ombe na barua ya chuo yenye mhuri, wakaisoma kwa heshima zote na ng'ombe wakaendelea kuja. Aliyemaliza hiyo kesi ni babu mlinzi, alikaa nao jioni moja tu, wakakubaliana ng'ombe wapite ardhi ikishakauka na sio wakati imelowa, kwa sababu kinachoharibu uwanja ni zile kwato kwenye tope, nyasi zikiliwa hata inasaidia kufyeka. Mimi na digrii yangu nilikuwa siyajui hayo.

Magoli yalichomelewa na wanafunzi wa uchomeleaji kama kazi yao ya vitendo, wakapewa na maksi. Goli ni mita 7.32 kwa 2.44, tulipima sawa ila bomba lilikuwa jembamba, wiki ya pili mtambaa panya ukabonyea katikati, kipa akawa anaugusa bila kuruka. Tukarudia na bomba nene na nguzo za kuegemea nyuma. Na hapa usifanye mchezo, miguu ya goli iwekee zege. Goli la chuma lililosimama bila kushikwa likimwangukia mtoto linaua, na watoto wa kijijini lazima waje kubembea pale jioni, hata uweke tangazo.

Nyavu za golini nilikuwa naagiza Mwanza, jua linazila, mpaka siku moja mvuvi mmoja ananiuliza ticha, wewe unanunua nyavu? Ukerewe? Akaniletea wavu mkuukuu wa sangara, matundu ya inchi 6 au 7, mpira wa saizi 5 haupenyi hata upigwe vipi. Sijanunua tena.

Ndio tulivyozoeana na watu wa mwaloni. Na hapa ndugu msomaji tulia kidogo kwa sababu hii ndio siri yenyewe na hakuna kozi ya ukocha itakayokufundisha. Mwanzoni nilikuwa naandaa mechi za kirafiki Jumamosi kama watu wote duniani. Naenda kualika timu ya wavuvi wanasema sawa ticha tunakuja, Jumamosi inafika hakuna mtu, au wanakuja watano wanasinzia. Nikawaona wahuni. Kumbe dagaa wanavuliwa usiku wa giza, zile taa unazoziona ziwani usiku kama mji mwingine ndio zenyewe zinavuta dagaa, sasa mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanakata nywele, wana hela mfukoni na hawana pa kuzipeleka. Siku hizo ndio za mechi! Nikatupa ratiba ya Jumamosi, nikabandika kalenda ya mwezi ofisini, mkuu wa chuo akadhani nimeanza uganga. Tukawa na uhakika wa mechi mbili tatu kila mbalamwezi bila kupanda chombo chochote, dhidi ya wanaume wenye mabega ya kuvuta nyavu. Mshindi mbuzi, refa anatoka sekondari jirani. Vijana wangu walikuwa wanarudi wamevimba miguu lakini baada ya mwaka mmoja ukiwapeleka kwenye mashindano ya vyuo hakuna beki wa kuwatisha.

Tatizo likaja palepale. Wale wavuvi wazuri bwana. Straika wangu akaenda mafunzo kwa vitendo wiki mbili kabla ya mashindano, na mimi nikamwangalia kijana mmoja wa mwaloni, halafu nikaangalia kitambulisho cha mwanafunzi aliyeacha chuo, sura zinaelekeana elekeana... Ndiyo, nilipeleka mamluki. Wawili. Mechi ya kwanza tukashinda, ya pili kocha wa wenzetu akamsogelea kijana wangu wakati wa kupasha akamwita kwa jina lake halisi, "wewe si ndio ulitufunga kwenye ndondo kule kisiwani?", na kijana kwa adabu zake akaitikia shikamoo. Tukafungiwa mwaka, na barua ikaja chuoni nikasimama mbele ya wakuu wangu natetemeka. Usifanye. Hao wavuvi waache wawe wapinzani wako, wanakusaidia zaidi wakiwa upande wa pili.

Usafiri sasa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara ikitokea Bugolora, wakafariki watu zaidi ya 220. Chuoni kwetu kulikuwa na waliofiwa, wiki hiyo hakuna aliyegusa mpira. Baada ya hapo wazazi walikuwa wananipigia simu moja moja, mwalimu mwanangu asipande chombo kwa ajili ya mpira, na sikuwa na la kubisha. Tukaweka utaratibu ambao sijawahi kuuvunja: mtumbwi hapana, hata kama ni wa mjomba wa kapteni wa timu na ni bure. Kivuko au meli tu, laifu jaketi kila mtu aiangalie iko wapi kabla hajakaa, na tunavuka siku moja kabla ya mechi. Hiyo siku moja kabla ndio inauma kwenye bajeti maana lazima mlale, lakini kulala tulikuwa tunaombana madarasa na shule za ng'ambo, unabeba mkeka, unabeba dagaa na unga wa muhogo na sufuria, mama wa jikoni anaenda na nyinyi. Wenzetu wa Sengerema wameshapata daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, tangu Juni 2025 wanapita juu ya maji kama hawayaoni, na nawaonea wivu sana, ila sisi wa visiwani bado tunapanga mechi kwa kumuuliza nahodha wa chombo ziwa likoje.

Kuna jambo moja linanisuta mpaka leo. Nilikuwa na viungo wawili, wazuri, mwaka wa pili wakaanza kulegea, dakika ya 20 wameshika kiuno. Niliwaita wavivu mbele ya wenzao. Mmoja nilimwondoa kikosini. Mama wa jikoni ndio akaniambia, mwalimu, yule mtoto tumbo linamuuma kila siku na haja yake ina damu, we humuulizi? Kupimwa zahanati, kichocho wote wawili. Baada ya mazoezi timu nzima ilikuwa inakimbilia ziwani kuoga, na mimi ndio niliyewaruhusu, tena nilikuwa naita ni kupooza misuli! Vile vijidudu vinatoka kwenye konokono wa majini vinaingia kwa ngozi, hunywi wala hujisikii kitu. Wakapewa praziquantel, na baada ya muda wakarudi kukimbia. Yule niliyemwondoa alirudi ila hakuwahi kuniangalia kama zamani. Kwa hiyo kabla ya kumsema mchezaji wa mwambao kwamba hana pumzi, mpeleke akapimwe, na wachotee maji ya kisima waogee bafuni hata wakilalamika.

Hela sina mengi ya kusema, hazitoshi na hazitatosha. Chuo kina mafundi, tumia. Vizibao na kaptula walishona wanafunzi wa ushonaji, mabenchi yakatoka useremala. Mipira nunua michache ya maana kuliko mingi ya bei rahisi, kwenye mchanga na mawe ile ya bei rahisi inageuka yai ndani ya wiki mbili.

Na wadada wakikuomba uwanja, wape. Mimi niliwazungusha mwaka mzima nikiwaambia wachezeni netiboli, nilipowapa Jumanne na Alhamisi wakawa wanafika kabla yangu, wana daftari lao la mahudhurio ambalo wavulana hawajawahi kuwa nalo. Kozi yao ya ushonaji ilikuwa ndefu kuliko za wavulana pale chuoni, kwa hiyo wao walikaa pamoja kipindi kirefu, na timu yao ndio ilikuja kuwa timu kweli.

Funguo za stoo ya vifaa anazo babu mlinzi. Sio kapteni, kapteni ataondoka nazo mfukoni (aliondoka nazo, ziko Musoma mpaka leo). Daftari la timu, nani yuko mwaka gani, nani anaenda mafunzo kwa vitendo mwezi gani, linakaa jikoni, na mama wa jikoni analijua kuliko mimi, ndiye anayeniambia ticha mwezi wa nne utakosa mabeki wawili, anza kumwandaa yule mrefu wa umeme.

Yote haya nilimwambia yule kijana kwenye simu, salio likakata, akanipigia tena. Akaniuliza sasa kaka kesho asubuhi nianze na nini. Nikamwambia nenda mwaloni, kaa na wavuvi, uliza mwezi mpevu ni lini, na uwaulize kama wana wavu mkuukuu wa sangara. Akanyamaza kidogo.

"Sawa kaka. Lakini jezi je?"