Risasi ya ncha kali kwenye bunduki ya .30-30 ya kupakia moja moja

Inafaa. Ncha kali zinakatazwa kwenye magazini ya bomba, ambako risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine na ncha ya risasi hukaa juu ya fataki (kiwashio cha baruti kitakoni) ya iliyo mbele yake na mtikiso unaweza kuilipua. Bunduki ya risasi moja moja haina bomba. Angalia msokoto wa mtutu, yaani mifuo (michirizi ya ndani) inavyozunguka: ule wa inchi 12 kwa mzunguko mmoja haufai risasi ndefu sana. Jaribu kupiga karatasi iliyo mita 50. Tundu likiwa refu badala ya duara, risasi inaenda ubavu. Kule juu Kitulo hewa nyepesi inaificha kidogo kasoro hiyo, ukishuka bonde la Usangu itajitokeza. Na kichwa cha risasi kisiguse mifuo ya mtutu ukifunga, presha itapanda.