Kitana cha leza na macho yetu: niliyojifunza baada ya kukitazama mara moja

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, kitana kipya cha leza cha kuotesha nywele mkononi, kile alichonitumia wifi yangu anayeishi Muscat baada ya kuona picha ya utosi wangu. Nikabonyeza swichi. Kikalia mara moja, kikatulia, na sikuona kitu kwa sababu taa zake zimejificha kwenye meno. Nikakigeuza. Vijitaa saba vyekundu vikanielekea kwa mstari, vikali kama makaa yaliyopulizwa, nami nikavikodolea macho nikivihesabu kimoja kimoja ili nijue vyote vinawaka. Nilipoinua uso kutazama ukuta, mstari wa madoa ya kijani ulikuwa umeshafika ukutani kabla yangu. Nikatazama dirishani, ukahamia dirishani.

Madoa yaliisha baada ya dakika chache, ila wasiwasi haukuisha. Kesho yake nilikwenda kwa daktari wa macho. Aliniuliza taa ilikuwa ya rangi gani, ilikuwa umbali gani na uso, niliitazama kwa sekunde ngapi, kwa jicho moja au yote mawili. Akaniwekea matone ya kupanua mboni, tukasubiri, akachungulia ndani kwa mwanga wake. Kisha akanipa karatasi yenye miraba midogo midogo na nukta katikati, akaniambia nizibe jicho moja na kuitazama nukta, halafu jicho la pili. Mistari ingeonekana imepinda, au sehemu ya katikati ingekuwa na giza, tungekuwa na mazungumzo mengine. Alhamdulillah, mistari ilikuwa imenyooka. Nilirudi nyumbani nikiwa siwezi hata kusoma meseji kwa ajili ya yale matone, lakini nimepona.

Alichonieleza ndicho kilichonifanya niandike. Lenzi ya jicho kazi yake ni kukusanya mwanga na kuushusha mahali padogo sana kwenye retina, lile tabaka la nyuma linalopokea picha. Kama ulipokuwa mtoto uliwahi kuchoma karatasi juani kwa kioo cha kukuzia, basi umeshaiona kazi hiyo. Mwanga wa balbu unatawanyika kila upande, kwa hiyo kinachoingia jichoni ni kidogo. Mwanga wa leza unakwenda pamoja, na jicho linaukusanya wote mpaka uwe kama ncha ya sindano. Na retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Ukichomeka pale hutalia, hutashtuka. Utakuja kugundua siku unasoma, unakuta herufi ya katikati ya neno haipo.

Vifaa vingi vya kuotesha nywele nyumbani vinatoa mwanga mwekundu wa karibu nanomita 655 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, yaani rangi yake), na kila diodi, yaani kijitaa kimoja cha leza, ina nguvu ya takriban miliwati 5. Kwenye kibandiko utaona daraja la hatari ya leza limeandikwa 3R, au IIIa kwa maandishi ya zamani ya Marekani. Leza nyekundu iliyo chini ya miliwati 1 ni ya daraja la 2, na hapo jicho hujilinda lenyewe, kwa sababu mtu akimulikwa hupepesa au hugeuza uso ndani ya robo sekunde. Daraja la 3R limevuka kidogo mpaka huo. Mara nyingi ukipitiwa na mwanga kwa bahati mbaya hupati madhara, lakini si mwanga wa kuukodolea macho. Mimi nilikuwa nimeizuia robo sekunde ile kwa makusudi, kwa kuwa nilikuwa nahesabu. Kofia ya leza, inayofanya kazi ile ile ya kitana, ikiwa na diodi 80 za namna hiyo ni miliwati 400 kwa jumla. Hakuna mwali mmoja unaozibeba zote, lakini ni mashimo 80 yanayomulika, na yote yanaelekea ndani, mahali ambapo mtu huchungulia kabla ya kuvaa.

Kikiwa kichwani, kifaa hiki hakina shida na macho, maana mwanga unaishia kwenye ngozi na nywele. Hatari iko katika ule muda kati ya mkono na kichwa. Kwa hiyo siku hizi nakiweka kwanza kichwani, ndipo nabonyeza. Nikimaliza nazima kikiwa bado kimegusa ngozi, ndipo nakiondoa. Ninapofika karibu na kipaji cha uso nafumba macho. Sisimami mbele ya kioo, kwa sababu mwali ukigonga kioo unarudi na nguvu karibu zile zile. Ukitaka kujua kama taa zinawaka, elekeza kwenye karatasi nyeupe na utazame karatasi. Kofia nyingine zina kihisi kinachozima taa zikitoka kichwani. Kama unanunua, ulizia hicho kabla ya kuuliza idadi ya diodi. Na usijidanganye na miwani ya jua. Giza lake linaipanua mboni na halikutengenezwa kwa ajili ya leza. Miwani ya kinga ya kweli huandikwa inazuia nanomita zipi.

Nina mtoto wa miaka minne. Wiki ile ile nilimkuta ameshika kitana kile, meno yakiwa yamemwelekea usoni, anakiimbia kama kipaza sauti. Kilikuwa kimezimwa. Lakini swichi ilikuwa chini ya kidole gumba chake, na mtoto akiona taa nzuri hapepesi, anaisogelea. Kitana changu sasa kinakaa ndani ya mkebe wenye kufuli juu ya kabati. Kama nyumbani kwako kuna watoto, tafadhali anza na hili kabla ya mengine yote.

Kuna vifaa vinavyochanganya mwanga mwekundu na ule usioonekana, wa zaidi ya nanomita 700. Huu ndio unaonitia hofu zaidi. Jicho halioni kitu, kwa hiyo halipepesi, lakini lenzi inaupitisha na kuukusanya kwenye retina kama kawaida. Mtu anatazama kofia, anaona taa mbili hafifu, anadhani imekufa betri, anaisogeza karibu. Kamera za simu nyingi huuona mwanga huo. Elekeza kifaa kwenye karatasi, piga picha ya karatasi, na ukiona duara jeupe au la zambarau ambalo macho yako hayalioni, umeshajua una nini mkononi.

Wengi pia wanachanganya leza ya kuotesha na mashine ya kuondoa nywele. Zile za kuondoa hupiga mwanga mkali kwa mpigo mmoja mmoja ili kuunguza shina la unywele, na nguvu yake hailingani kabisa na kitana. Usizitumie kwenye nyusi wala karibu na kope, hata kama umefumba macho, kwa sababu kope ni ngozi nyembamba, na sehemu yenye rangi ndani ya jicho hufyonza mwanga ule ule unaotafuta rangi ya unywele. Kwa ngozi zetu nyeusi zinaweza hata kuunguza pale unapoziweka.

Je, kitana kinafaa? Habari yake ilianza Budapest mwaka 1967, daktari Endre Mester alipoona nywele za panya alionyoa zinaota haraka pale alipowamulika kwa leza hafifu. Mwaka 2007 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, iliruhusu kitana cha HairMax kiuzwe kwa wanaume wenye upara wa kurithi, na mwaka 2011 kwa wanawake. Kibali hicho kilihusu ngozi za daraja la 1 hadi la 4 katika kipimo cha Fitzpatrick, kinachopanga rangi ya ngozi kuanzia nyeupe sana (1) hadi nyeusi sana (6), na wengi wetu tuko la 5 na la 6. Hiyo haina maana kwamba ngozi yetu itadhurika, ila ahadi iliyo kwenye boksi haikuandikwa kwa ajili yetu. Na kama nywele zako zimekatika pembeni kwa sababu ya rasta za kubana na twende kilioni ya kila mwezi, hilo si tatizo la kurithi. Mwambie msusi alegeze, au pumzika kusuka kabisa, kabla hujatuma hela kununua leza. Mimi shida yangu ni ya utosi, mama yangu anayo na bibi alikuwa nayo, ndiyo maana ninaendelea mara tatu kwa wiki na sitegemei kuona kitu kabla ya miezi sita.

Jambo la mwisho alilonikumbusha daktari ni dawa. Doksisaiklini, ambayo watu wengi huimeza kwa chunusi au maambukizi, huifanya ngozi iwe nyepesi kudhurika na mwanga. Kama uko kwenye dozi, au una ugonjwa wowote wa retina, muulize daktari kwanza.

Juzi rafiki yangu alinipigia kutoka dukani. Ameona kofia ya leza, bei nusu ya zile nyingine, muuzaji anasema zimebaki mbili. Nikamwomba aigeuze anisomee kibandiko. Akanisomea jina, voti za chaja, na maneno ya kusifia nywele. Nikamuuliza kuhusu nanomita. Hakuna. Miliwati? Hakuna. Daraja la leza? Akanyamaza anatafuta, halafu nikasikia muuzaji akimwambia, “Dada, ngoja niiwashe uone zinavyowaka,” nami nikamwambia ageuze uso haraka na asilipe chochote.