Usilipe hiyo fremu ya kaboni ya zamani kwa sababu ati ni laini

Kaka simama hapo hapo, usitume hiyo pesa. Umeuliza kati ya fremu tatu za baiskeli, Look KG86, Trek 5200 na hiyo ya tatu ya mwaka 1989, yenye mirija ya kaboni iliyogundishwa kwenye lagi za alumini (lagi ni zile soketi za viungo mirija inamoingia), ipi ina raha zaidi barabarani. Halafu kule mwisho ukaandika ati uliijaribu hiyo ya tatu robo saa kwa muuzaji ukaiona "inaelea kama godoro" na Jumamosi unaenda kulipa. Hilo neno godoro ndilo limenifanya niandike usiku huu, manake mimi pia nililisema, na lilinigharimu pauni 650 za fremu, kama 200 nyingine za kutibu ugonjwa ambao haukuwa pale nilipokuwa natibu, na mtulinga wa kushoto.

Naishi Sheffield. Mwaka 2016 nilichukua fremu ya aina hiyo hiyo (kampuni siitaji, wakati ule walikuwa wengi wanaunda kwa njia ile) kwa muuzaji mmoja wa baiskeli za zamani, mtu mzima, anaongea polepole kama daktari. Nikamuuliza kuhusu umri wa fremu akanijibu kaboni haishiki kutu, hii utamrithisha mwanao. Nikaipanda kuelekea Ringinglow, nje kidogo ya mji, ile lami ya kokoto inayotetemesha hadi meno, wallahi haikunisumbua. Rafiki yangu ana Trek ya OCLV (jina la kaboni ya Trek ya miaka ya 90), tukabadilishana, ya kwake nikaiona kavu, ukikanyaga inaruka mbele lakini kila kokoto unaisikia mgongoni. Nikarudi nyumbani nimeshaamua, kaboni ya miaka ya 80 ni laini, ya miaka ya 90 ni ngumu, nikaanza kumwambia kila mtu.

Baada ya majira mawili ya baridi ikaanza mlio. Kak, kak, kila nikisimama kwenye pedeli kupanda mlima. Nikabadilisha pedeli, nikabadilisha beringi za pale mikono ya pedeli inapozungukia, nikapaka grisi nguzo ya siti, nikanunua siti nyingine kabisa, mlio uko pale pale. Na chini kwenye kiungo cha mrija wa chini kulikuwa na unga mweupe mwembamba, nikadhani ni sabuni iliyokaukia pale, nikawa napangusa na kitambaa kila Jumapili. Miezi mingapi napangusa! Nikampigia yule muuzaji simu, akacheka, akasema ndiyo sauti ya kaboni ya zamani, "inaongea".

Ikaongea kweli. Nateremka kwenda kijiji cha Hathersage, nikagusa breki kabla ya kona, nikahisi nyuma inaenda kwake na mbele inaenda kwake, kisha niko kwenye ukuta wa mawe. Mrija wa chini ulikuwa umechomoka kwenye lagi mzima mzima, haujavunjika hata unyuzi mmoja, umetoka kama kisu kinavyotoka kwenye mpini uliooza. Mcheke mkitaka, lakini aliyeicheka ile baiskeli zaidi ni fundi aliyeipokea, alitikisa gurudumu la nyuma, la mbele halina habari.

Sasa nielewe hapa, manake hakuna aliyenieleza. Kaboni inapitisha umeme. Ukiigusanisha na alumini, katikati pakaingia maji ya chumvi, umeshaunda betri, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Anageuka ule unga mweupe, unga unachukua nafasi kubwa kuliko ile metali ya mwanzo, unasukuma, gundi inaachia kidogo kidogo. Waundaji walijua, ndiyo maana wengine waliweka tabaka la nyuzi za kioo katikati, lakini wewe leo huoni ndani ya lagi kama tabaka lipo au limeshachoka. Na chumvi huku Uingereza inamwagwa barabarani kwa malori kila baridi, ongeza jasho linalodondoka kutoka puani. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mjomba wangu Mombasa ni fundi wa injini za boti, tangu utoto nimemuona akifunga kipande cha zinki ili kiliwe hicho na injini isalimike. Nilikuwa najua jambo hili miaka yote, ila yule mzee aliponiambia kaboni haishiki kutu nikamwamini. Kaboni haishiki kutu, sawa, lakini inamla mwenzake! Mtu aliyeuza fremu hizi miaka mingi halijui hilo vipi? Analijua. Nilipoenda kumdai alisema nilipanda kwenye mvua. Sheffield, nipande wapi kusiko na mvua?

Yaani ule ulaini niliousifu, sehemu yake kubwa ilikuwa kiungo kinachoachia. Na sehemu nyingine ilikuwa tairi, manake yangu zilikuwa za upana wa milimita 25 kwa psi 80 (kipimo cha upepo) na rafiki yangu alikuwa na za 23 kwa psi 110. Tulilinganisha upepo tukadhani tunalinganisha fremu.

Kwa hiyo usilinganishe ulaini wa fremu yoyote ya namna hiyo kabla hujakagua viungo vyake. Nenda na sarafu, gonga mrija taratibu ukisogea kwenye kiungo. Sauti ikibadilika ghafla ikawa butu pale pale kwenye ukingo wa lagi, rudi nyumbani. Angalia unga mweupe na rangi iliyovimba. Weka pedeli chini kabisa, shika breki, ikandamize kwa mguu kuelekea ubavuni huku macho yako kwenye mstari wa kiungo, mstari usifunguke hata unywele. Mwambie achomoe nguzo ya siti mbele yako, ikikataa kutoka ujue alumini imeshavimba humo ndani. Akikuambia nafasi ya kuingiza gurudumu la nyuma ni milimita 126 lakini utaipanua iwe 130 kama wanavyofanya kwa fremu za chuma, huyo hakutakii mema, kupanua unavuta gundi ile ile.

Hiyo KG86 ni ya ukoo ule ule wa mirija na lagi za alumini. Heshima yake ninaijua, Mmarekani Greg LeMond alishinda mbio za Tour de France za 1986 juu yake, lakini ushindi wa 1986 hausemi lolote kuhusu gundi ya leo, kwa hiyo sarafu ni ile ile. Trek 5200 ni OCLV, zilianza 1992, lagi zenyewe ni kaboni, na Colnago C40 ya 1994 vilevile, zile zilizochukua nafasi tatu za kwanza kwenye mbio za Paris–Roubaix za 1996, zinazopita barabara za mawe. Mimi sasa ninayo 5200, tairi za 25, psi 80, na si kavu hata kidogo.

Jumamosi kabla hujatoa hata pauni moja, igeuze juu chini, piga picha ya kiungo cha chini kabisa, pale pedeli zinapozungukia, pande zote mbili, kwenye mwanga wa nje, uniwekee hapa. Nitakuwa macho tangu saa mbili asubuhi.