Yesu aligeuka sura au alijigeuza?

Msomaji wa Jinja anauliza: "Mwalimu, mimi nafundisha katekisimu, tangazo letu la tarehe 6 Agosti liliandikwa Sikukuu ya Yesu Kujigeuza, wazee wakakataa kulisoma. Kosa liko wapi, si kugeuka ni kugeuka tu?"

Ndugu katekista, hao wazee wako sawa kabisa. Kujigeuza ni kujifanya, mtu anajivika sura isiyo yake ili adanganye wenzake, na hata Biblia ya Union inapomsema Shetani anayejifanya malaika wa nuru inasema "hujigeuza", fungua 2 Wakorintho 11:14 uone mwenyewe. Neno hilo halimfai Bwana hata kidogo! Kule mlimani, siku tunayoikumbuka kwenye sikukuu hiyo, alipong'aa mbele ya wanafunzi wake Petro, Yakobo na Yohana, hakujifanya kitu, utukufu wake mwenyewe ndo ulionekana. Mathayo 17:2 inasema "akageuka sura yake mbele yao", na kwa Kigiriki hicho kitenzi kiko kwenye hali ya kutendwa, yaani ni kama kusema aligeuzwa, tena ndo hichohicho Paulo anatumia Warumi 12:2 anapotuambia "mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu". Hapo pafundishe watoto taratibu, maana kumbe jambo la mlimani linatugusa na sisi.

Halafu hilo neno sura msilikate. Ukisema "rafiki yangu amenigeuka" kila mtu anaelewa umesalitiwa. Najua wengi huku tunawaza kwanza kwa Kiganda, tuna kufuuka yetu, yaani kubadilika kuwa kitu kingine, alafu tukija kwenye Kiswahili tunaona geuka peke yake inatosha, haitoshi.

Wakatoliki wengi wanasema pia Kung'ara kwa Bwana, na ni Kiswahili kizuri sana, ila kinataja mwanga tu, ule uso kama jua na mavazi ambayo Luka anasema yalikuwa "yakimeta-meta". Kwa kwaya mimi ningechukua kung'ara, kwa darasa kugeuka sura. Kwenye rozari ni tendo la nne la mwanga, yale matendo aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, kwa hiyo watoto wanaosali rozari wameshalisikia.

Tangazo liandikeni hivi: Sikukuu ya Kugeuka Sura kwa Bwana. Na "Yesu" mkitaka kumtaja, semeni Yesu aligeuka sura, bila ile -ji-.