Swali la usiku mmoja ndilo lililoanza kuniingizia pesa

Nilipofungua tovuti mwaka 2017 niliandika kila kitu cha shambani: nyanya, tikiti, sungura, samaki. Waliosoma ni ndugu na marafiki.

Kisha umeme ukakatika usiku nikiwa na mayai 96 kwenye mashine ya kutotolesha, siku ya 18. Nilitafuta kwenye simu, kwa Kiswahili, nifanye nini. Sikupata kitu. Nikaweka chupa za maji ya moto ndani, nikafunika mashine kwa blanketi nikiacha matundu ya hewa wazi, nikakesha. Siku ya 21 walitoka vifaranga 61. Niliandika yote, hata saa nilizobadilisha maji, na ukurasa ule peke yake ukaleta wasomaji kuliko yote niliyoandika kabla. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulipopamba moto, ukurasa huo ndio uliosomwa usiku kucha.

Kwa hiyo usianze na "ufugaji wa kuku". Shuka mpaka ufikie swali ambalo mtu anauliza tatizo likiwa mbele ya macho yake. Mimi nilifuta nyanya na sungura, nikabaki na mashine na mayai tu.

Matangazo ya Google yapo, yaani Google inaweka matangazo kwenye tovuti yako na kukulipa, lakini usiache kazi kwa ajili yake. Ukifikisha dola 10 unatumiwa namba ya uthibitisho kwa posta, na hulipwi mpaka zitimie dola 100. Kwangu kutoka barua hadi malipo ya kwanza ilipita miezi 11.

Pesa ya maana ilitoka kwenye kundi la WhatsApp la wasomaji wangu. Kila siku mtu anatuma picha ya yai lililomulikwa kwa tochi: "Jamani, hili limeshika mbegu au ni viza?" Wenzake wanamjibu, nami najibu. Maswali yalipojirudia niliyakusanya nikaandika kitini, siku ya 1 hadi ya 21, nauza shilingi 5,000, mtu analipa kwa simu. Wanaonunua ni wale waliokwisha kusaidiwa bure. Ndiyo maana nasisitiza: jibu watu kwanza, kwa miezi, kabla hujawauzia chochote.

Na linda imani yao kuliko kitu kingine. Mwaka 2021 muuzaji mmoja wa mashine aliniahidi kamisheni, nikamtangaza kabla sijaijaribu mashine yake. Kipimajoto chake kilionyesha nyuzi 37.5 wakati ndani joto lilikaribia 39. Watu saba waliharibikiwa mayai. Mama mmoja alinitumia picha ya trei, mayai yamepasuliwa, vifaranga wamefia ndani. Hakuandika neno. Niliwagawia wale saba kamisheni yote, na bado haikufikia nusu ya hasara yao. Wengi walijitoa kwenye kundi, na walikuwa na haki.

Siku hizi sitaji mashine ambayo haijamaliza mizunguko miwili chumbani kwangu, kipimajoto changu kikiwa pembeni ya chake. Nikilipwa kamisheni, naandika juu kabisa kwamba nalipwa.

Yule mama alirudi mwaka uliofuata. Kabla ya salamu aliuliza: "Hii unayoisifia, umeitumia mwenyewe?" Nilimpigia picha vipimajoto vyote viwili, nikamtumia.