Kwa mwanangu: njia iliyotuletea dini

Mpendwa mwanangu,

Barua yako niliipata, nikaisoma, kisha nikampa baba yako naye akaisoma. Umeniuliza iwapo nitaona umeitupa dini ya wazee wetu ukisilimu ili umwoe Zuhura. Ni swali la haki, lakini kabla hatujafika huko nataka kwanza tukubaliane dini hiyo ya wazee wetu ni ipi, na ilifikaje hapa Vihiga, magharibi mwa Kenya.

Msimamo wangu unaujua, kwa kuwa nimewachosha nao wewe na dada zako tangu mkiwa wadogo: dini hufuata njia. Miaka yote niliyofundisha jiografia nilikuwa na ramani ya dini za ulimwengu ukutani, na wanafunzi walipodhani kwamba rangi zile zilijipanga zenyewe, niliwaambia wachukue penseli wachore juu yake njia za biashara. Ubuddha ulianzia kaskazini mwa Bara Hindi. Mfalme Ashoka akaupeleka Sri Lanka katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na misafara ya Asia ya Kati ikaufikisha Uchina, hata leo wafuasi wake walio wengi wako mbali na kule ulikozaliwa. Indonesia, yenye Waislamu zaidi ya milioni 200, haikutekwa na jeshi lolote la Waarabu. Dini iliingia pamoja na wafanyabiashara, bandari moja baada ya nyingine. Katika karne ya 4 Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya kale iliyofanya biashara kupitia Bahari ya Shamu, aliupokea Ukristo kabla ya sehemu kubwa ya Ulaya kuusikia. Na huko pwani unakofanya kazi, msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya mwaka 1107. Kaskazi iliwaleta mabaharia, kusi ikawarudisha, na katikati ya pepo hizo mbili watu walioa, wakajenga na kuswali.

Sasa tuje kwetu. Misafara ya Waswahili ilifika ufalme wa Wanga, huko Mumias, katika karne ya 19 kutafuta pembe za ndovu, na watumwa pia, tusifichane. Nabongo, yaani mfalme wa Wanga, aliwakaribisha, na Uislamu ukapata makao Mumias kabla ya misheni yoyote kujengwa upande wetu. Kisha reli ikafika Kisumu mwaka 1901, ikaiacha Mumias kando. Mwaka uliofuata wakaja Wamarekani watatu wa Kanisa la Marafiki, wale waitwao Quakers, Hole, Hotchkiss na Chilson, wakitafuta mahali penye msitu na maji yenye nguvu, kwa sababu walitaka misheni yenye kazi za mikono na mbao za kupasua, wakapapata Kaimosi. Mapadre wa Mill Hill wakaingia Kisumu mwaka 1903, Waadventista wakaenda Gendia na Waanglikana Maseno mwaka 1906. Waprotestanti wakagawana nchi ili wasigombanie waumini. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo hii ya kijito akawa Rafiki, wa ng'ambo ile akawa Mwanglikana, na hakuna aliyewauliza. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote, Uingereza walikoanzia ikiwemo. Kwa hiyo babu yako alikuwa Rafiki kwa sababu msumeno ulihitaji maporomoko ya maji.

Hayo ndiyo niliyotamani kumwambia siku ile Mumias. Habari hiyo umeisikia kwa babu yako mwenyewe, naye aliisimulia kama ushujaa. Baba Mkubwa Yusufu, fundi cherehani, kaka wa babu yako aliyesilimu, alipofariki, tulipanda matatu alfajiri, lakini Waislamu hawamkawizi maiti, na tulipofika walikuwa wamekwisha kumzika. Babu yako alikuwa amevaa koti lake jeusi la mzee wa kanisa. Akaomba nafasi ya kusema, kama ilivyo desturi yetu kwamba ndugu wa marehemu hueleza historia yake. Wakampa. Akasimama mbele ya shehe, majirani na watoto wa marehemu, akasema: "Ndugu yangu alipotea zamani, na leo nimekuja kuthibitisha kwamba hakupatikana." Mama Mkubwa alikuwa chumbani, ameanza eda ya ujane, na kati yake na sisi kulikuwa na pazia tu. Hakuna aliyemjibu babu yako. Binti wa marehemu aliinuka, akammiminia chai, akaongeza maziwa, akamwuliza kwa adabu kama sukari inatosha. Babu yako akasema inatosha. Mpaka leo nikiikumbuka sauti ya kijiko katika kikombe kile, uso huniwaka.

Lakini huenda hoja yangu isingemfaa kitu, kwa maana haikai sawa kama ninavyopenda. Kama dini hufuata njia, mbona reli ileile iliwaleta Wahindu na Masingasinga, wakajenga mahekalu yao Kisumu na Nakuru, na sijamwona Mluhya aliyekuwa Mhindu? Nitajibu kwamba wao walikuja kufanya kazi na biashara, si kuhubiri, wala hawakufungua shule za kusomesha watoto wetu imani yao. Sawa. Na Nineveh je? Daudi Zakayo Kivuli alianzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942 hapa hapa jirani, na umewaona wenyewe Jumapili wakipita barabarani na kanzu nyeupe, bendera na ngoma. Dini hiyo haikushuka kwenye garimoshi. Nikisema kwamba mbegu yake ilitoka misheni ya Wapentekoste ya Nyang'ori, nitakuwa nimesema kweli, ila si kweli yote. Watu wale walikuwa na kiu ambayo misheni haikuikata.

Na Baba Mkubwa mwenyewe ananishinda. Huyo alizaliwa chini ya kengele ya Kaimosi, akabatilisha ramani yangu kwa miguu yake. Niliwahi kumwuliza sababu nikiwa msichana wa sekondari, naye alikuwa akitia udhu kwa birika la bati, akijimwagia maji mpaka kwenye viwiko huku akilalamikia bei ya uzi. Aliniambia kwamba alifika Mumias kujifunza ushonaji, hana ndugu hata mmoja, na jioni ya kwanza aliitwa kula kwenye sinia moja na watu ambao hawakuwa wamemwuliza jina. Basi. Hakunitajia aya wala muujiza. Bado nashikilia kwamba dini hufuata njia, kwa kuwa bila njia ya misafara sinia lile lisingekuwapo Mumias; lakini njia hukufikisha mlangoni tu.

Najua hukuniuliza hayo. Umeuliza kama nitaona umetutupa, na jibu ninalo, limekaa ncha ya ulimi, na kulizuia kunaniuma kuliko unavyodhani. Baba yako naye analo lake, na hayafanani. Hata hivyo sitalitoa kwenye karatasi, kwa sababu nilimwona mzee akitoa hukumu katika nyumba ya watu, na Zuhura sijamwona hata kwa picha.

Wewe nijibu jambo moja kwanza: kama Zuhura hangekuwapo, ungekuwa umeingia msikitini hata siku moja? Nakuuliza kwa sababu nataka kujua, si kwa sababu jibu la "hapana" litakuwa baya. Baba Mkubwa naye aliingia kwa mlango wa chakula. Kisha mlete nyumbani kabla wazee wa kwao hawajapanga mahari, na uniarifu mapema ili nimnunue kuku kwa mchinjaji wa Kiislamu pale sokoni. Usiniandikie kwa simu. Dada yako huisoma kabla yangu.

Mimi, mama yako