Skana isubiri kidogo

Dada, umesema maktaba yenu ya mtaa hapa Nairobi ina vitabu, majarida ya zamani, picha na kumbukumbu za mikutano ya wakazi, na kamati inataka kununua skana mwezi huu, yaani mashine ya kugeuza kurasa kuwa picha za kompyuta. Nakusihi, skana isubiri. Orodhesheni kwanza kila kitu na hali yake. Vitabu vinavyopatikana madukani viacheni. Anzeni na vile ambavyo vikipotea kwenu vimepotea kabisa, yaani picha na zile kumbukumbu. Waiteni wazee, wao wakiwa wangali hai, wawatambue walio pichani. Kazi hii haiwezi kuahirishwa, na hakuna mashine itakayowafanyia.

Majarida yana wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hulinda maandishi hadi miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, kwa hiyo waombeni wenyewe ruhusa iliyoandikwa kabla ya kuyaweka majarida kwenye intaneti. Kurasa zenye namba za vitambulisho msizianike.

Kuhusu hifadhi: ukurasa wa A4 wa rangi, nukta 300 kwa inchi, faili ya TIFF isiyobanwa (aina ya faili ya picha isiyopunguzwa ubora), ni karibu megabaiti 25. Kurasa 1,000 ni gigabaiti 25. Nunueni diski mbili, moja ikae jengo lingine; wasomaji wapewe PDF nyepesi.

Daftari zilizojalidiwa zipigwe picha kwa kamera kutoka juu, maana skana ya bapa, ambayo daftari hulazwa wazi na kukandamizwa juu ya kioo, huweza kuvunja mgongo wa daftari. Jaribuni kurasa 50, mpime muda, ndipo mwandike bajeti ya kamati.